Barua kwa mjomba aliyenificha sarafu

Shikamoo mjomba,

Mama ameniambia umekasirika. Umesikia kwamba kila Jumamosi jioni nakaa barazani hapa Mikindani na watoto wa mtaa, nawafundisha mazingaombwe, tena "nawagawia siri kama pipi za maulidi". Maneno yamenifika kama ulivyoyasema, unamjua dada yako. Ningekupigia, lakini kwenye simu huwa unakata. Acha niandike hapa, na wengine wenye mawazo kama yako wasome.

Nakukumbuka msimu wa korosho, watu wana hela, tunazunguka shule za Tandahimba na Newala. Wewe na leso zako za mazingaombwe, mimi na begi. Miaka minne nimebeba begi ambalo sikuruhusiwa kulifungua. Nikiuliza sarafu imekwenda wapi, unasema "kua kwanza". Nikakua. Ukasema "siri ni siri".

Basi nikaiba. Siku moja nilijifanya naokota kamba nyuma yako, nikaona. Sarafu uliyojifanya kuihamishia mkono wa kushoto haikuwa imekwenda popote, ilikuwa mkono ule ule wa kulia. Sikulala kwa furaha. Kesho yake, chini ya mwembe, nikawakusanya wenzangu nikawafanyia. Kabinti ka darasa la pili kakanitazama, wala hakakucheka: "Iko kwenye mkono uliokauka."

Nikautazama mkono wangu. Kweli, vidole vimekakamaa kama vya mtu aliyelalia mkono usiku kucha. Macho yangu nayo yalikuwa yanauchunga mkono wa kulia, wakati yalitakiwa kuifuata sarafu kule kushoto "ilikokwenda". Siri nilikuwa nayo nzima, mjomba. Kazi sikuwa nayo hata robo.

Nilihangaika karibu mwaka mzima na kipande cha kioo kabla sijagundua peke yangu kwamba kwanza unaiweka sarafu kweli. Unaiweka mkono wa kushoto mara mia, unautazama mkono wa kulia unavyolegea ukishaachia mzigo, ndipo unajifunza kudanganya kwa ulegevu ule ule. Kunieleza hivyo kungekuchukua dakika tano. Hilo ndilo ninalokudai. Siri yenyewe nilishaiona.

Huko Marekani, mwaka 1902, mtu aliyejiita S. W. Erdnase alitoa kitabu cha karata na kueleza kila kitu: kidole kikae wapi, karata ishikwe vipi. Mpaka leo jina lake halisi halijulikani kwa hakika; hiyo ndiyo siri pekee aliyoificha. Kitabu hicho kilisomwa na mtoto mmoja wa Kanada, Dai Vernon, akakifanyia kazi miaka na miaka. Mwaka 1922, kule Chicago, Vernon alimkalisha Houdini, yule bingwa wa kujifungua pingu, aliyekuwa akijigamba kwamba mchezo akionyeshwa mara tatu lazima aujue. Karata ikawekwa katikati ya zile nyingine, ikapanda juu. Ikawekwa tena, ikapanda tena. Zilipita mara tatu na Houdini hakuiona njia. Sasa fikiria yule mtoto angekuwa anakubebea wewe begi.

Watoto wangu wa barazani wanaanza na vikombe vya plastiki na korosho za ganda. Korosho, kwa ile kona yake, inakaa kwenye mkunjo wa vidole kana kwamba iliumbiwa hapo. (Isiwe imepasuka, mafuta ya ganda yanababua. Mmoja amekwisha jua hilo.) Anayeanza namwonyesha njia siku ya kwanza, halafu namwacha nayo wiki tatu. Wengi hawarudi. Anayerudi huwa vidole vimelegea.

Usidhani namwambia kila mtu. Wiki iliyopita mmoja alicheza vizuri kabisa, watu wakapiga makofi, naye kwa kiherehere akafunua mkono kuwaonyesha alivyofanya. Nilimkataza kugusa vikombe mpaka mwezi uishe. Wewe ndiye uliyenipeleka jando, kwa hiyo tofauti ya kumwambia anayeingia na kumwambia kila mtu unaijua. Kabla yake nilikuwa nakimbia kinyago kikitoka porini. Baada yake nikajua nilichojua, na hapa sitakiandika. Lakini mliniambia, mjomba. Hamkunisubirisha nichungulie kwa nyuma. Hata wale wa karata tatu pale stendi, matapeli, wanafundishana kuliko sisi.

Kuna jambo jingine, na hili linaniuma zaidi. Unamkumbuka bibi aliyekataa kupokea chenji mkononi mwako, akakwambia uiweke chini? Ulicheka njia nzima. Ukasema vizuri, wakiogopa wanalipa. Mimi sikucheka, kwa sababu shuleni walianza kuniita mtoto wa mchawi, na huku kwetu neno hilo halifutiki kwa maji. Mwaka 1584 Mwingereza mmoja, Reginald Scot, aliandika kitabu kupinga watu kuonewa kwa tuhuma za uchawi, na humo akafumbua michezo ya sarafu na vipira, ili ionekane ni mikono tu. Alifichua, ndiyo. Michezo ile ile bado inachezwa, na watu bado wanashangaa. Watoto wangu nimewaambia waanze kwa kusema: huu ni mchezo wa mikono, sina dawa. Halafu ndipo wawapoteze watu maboya.

Nakuja Idi, inshallah, na mchele wa mama. Nina ombi moja. Lile yai la Newala, lililotoka kwenye kofia ya mwalimu mkuu, nimelitafuta miaka yote hii sijalipata. Usinieleze. Lifanye mara tatu, mimi nikiwa nimekaa karibu kabisa.

Mpwa wako, mbeba begi