Barua ya malalamiko: filta za oili zenye namba moja na matumbo tofauti

Gereji ya injini,
Barabara ya Kibos,
Kisumu.

9 Juni 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Uagizaji na Usambazaji wa Vipuri,
Nairobi.

Kwa Bwana/Bi,

KUH: MABADILIKO NDANI YA FILTA ZENU ZA OILI NA DAI LA "ASILIMIA 99"

Mimi ni fundi wa injini hapa Kisumu. Wateja wangu wengi ni wenye matatu za Bondo, Busia na Kakamega, na pikapu zinazoingia mashamba ya miwa upande wa Muhoroni na Chemelil. Kwa miaka mingi nimewafungia filta zenu kwa sababu zinapatikana, bei wanaimudu, na nilipozipasua baada ya sevisi nilikuta kazi iliyofanywa kwa uangalifu. Filta za mzigo uliofika madukani mwaka huu si zile nilizozijua. Boksi ni lile lile, rangi ni ile ile, namba ya spea ni ile ile, na bei haikushuka hata shilingi. Kilichobadilika ni kile ambacho mnunuzi hawezi kukiona bila kukata bati.

Dalili ilianzia kwenye magari ambayo filta yake hukaa kwa ubavu. Dereva akiwasha asubuhi, injini inagongagonga kwa sekunde kadhaa na taa ya oili inachelewa kuzima. Oili ni mpya, kiwango ni sawa, pampu ni nzima. Tukiivua filta yenu na kufunga nyingine, asubuhi inayofuata kelele haipo. Fundi yeyote anajua maana yake: ule mpira ulio mdomoni mwa filta, unaozuia oili isirudi chini gari likizimwa, haushiki. Usiku kucha oili inatiririka kurudi kwenye sampu, yaani karai la oili lililo chini ya injini, na asubuhi pampu inalazimika kuijaza filta kwanza ndipo oili ifike kwenye beringi na kamshafti. Katika sekunde hizo chuma kinasuguana na chuma. Uchakavu wa namna hiyo hauonekani wiki hii wala mwezi huu. Unaonekana siku injini inapofunguliwa kabla ya wakati wake, na anayegharamika ni mwenye gari ambaye alifanya sevisi kwa tarehe na kulipa alichoambiwa alipe.

Sikutaka kuwaandikia kwa kutegemea masikio peke yake. Tulikaa mafundi kadhaa pamoja na mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi, tukakubaliana kuzipima filta hizi kwa njia ambayo hata nyinyi mngeikubali. Tulinunua kwa pesa zetu wenyewe, katika maduka ya Kisumu, Kakamega na Siaya, bila kumwambia muuzaji sababu. Tulichukua filta zenu za mzigo wa zamani zilizokuwa bado kwenye rafu, za mzigo mpya, na za watengenezaji wengine wawili zinazoingia kwenye injini hiyo hiyo. Majina yao siyataji hapa, kwa kuwa malalamiko haya ni juu ya bidhaa yenu. Kijana mmoja wa gereji alizipaka zote rangi nyeupe na kuziandika herufi, orodha ya herufi akabaki nayo mwalimu. Aliyekata hakujua anakata ya nani, na aliyepima hakujua anapima ya nani. Tulikata kwa kifaa chenye gurudumu la kukatia, kwa sababu msumeno wa chuma humwaga unga wa bati ndani ya filta, na baada ya hapo huwezi tena kusema uchafu ule ni wa kiwandani au ni wa msumeno wako.

Mwalimu alipofungua orodha, filta zenu za zamani na zenu mpya zilikuwa katika makundi mawili tofauti kabisa. Za zamani zina vifuniko vya chuma kwenye ncha zote mbili za karatasi ya kuchujia, mshono wa karatasi umebanwa sawasawa, na mpira wa mdomoni umekaa bapa na kugusa bati pande zote. Za mzigo mpya zina vifuniko vya karatasi ngumu, springi ni nyepesi zaidi, na karatasi ya kuchujia tulipoikunjua na kuitandaza mezani ilikuwa imepungua kwa karibu theluthi moja. Vipimo vyote, pamoja na picha, nimeviambatanisha.

Naomba nieleweke vizuri hapo. Sisemi kwamba vifuniko vya karatasi ngumu ni vibaya kwa kuwa ni vya karatasi; vipo vinavyofanya kazi bila shida. Wala sihukumu filta kwa kuhesabu mikunjo. Karatasi ya nyuzi za kutengenezwa inaweza kuwa na eneo dogo na bado ikabeba uchafu mwingi kuliko karatasi ya kawaida yenye eneo kubwa. Lakini karatasi yenu ya zamani na ya sasa zinaonekana kuwa za aina moja, na ikiwa aina ni ile ile huku eneo limepungua, filta itajaa mapema. Ikijaa, vali ya baipasi inafunguka na oili inapita bila kuchujwa. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa, kwa sababu afadhali oili chafu kuliko injini kukosa oili kabisa. Ila mtu anayeendesha kwenye murram ya Chemelil wakati wa kusomba miwa hafai kufikishwa hapo katikati ya muda wa sevisi mliouandika nyinyi wenyewe kwenye boksi.

Lililonisumbua zaidi ni mshono. Tuliingiza taa ndogo kwenye mrija wa katikati, tukazima taa za chumba na kuzungusha. Karatasi nzima huonyesha mwanga hafifu uliotawanyika. Katika baadhi ya filta zenu mpya tuliona mstari wa mwanga mkali mahali ambapo gundi haikufika mwisho wa mshono. Uwazi kama huo hausubiri baipasi wala hausubiri filta ijae. Oili hufuata njia rahisi kila dakika injini inapozunguka, na vumbi linapita nayo. Katika zile za mzigo wa zamani hatukuona mstari huo hata kwenye moja.

Kisha tukapima mpira. Tulizijaza filta oili ya aina moja, tukaziba tundu la katikati, tukazilaza kwa ubavu kwenye vishikio na kuweka chombo chini ya kila moja hadi asubuhi. Zenu za zamani na zile za watengenezaji wengine zilidondosha matone tu. Zenu mpya nyingi zilikuwa zimejimwaga nusu au zaidi. Mpira wenyewe ni mgumu na ukingo wake umejikunja, na hapo bado haujaonja joto la injini, ambalo hukausha mpira wa nitrili kadiri muda unavyokwenda.

Sasa nije kwenye maandishi ya boksi. Mmeandika kwa herufi kubwa kwamba filta hii "inachuja uchafu kwa asilimia 99". Asilimia 99 ya chembe za ukubwa gani? Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, na jicho la kawaida halioni chembe iliyo chini ya mikroni 40 hivi. Chembe zinazoila injini ni ndogo kuliko hizo, kwa sababu utando wa oili kwenye beringi ni wa mikroni chache tu, na chembe yenye ukubwa unaokaribiana na utando huo ndiyo inayoingia katikati na kukwaruza pande zote mbili. Filta moja inaweza kunasa asilimia 99 ya chembe za mikroni 40 na isinase hata nusu ya zile za mikroni 10. Bila mikroni, asilimia yenu haina maana yoyote.

Njia ya kupima jambo hili ipo na inajulikana duniani. Kiwango cha ISO 4548-12 kinaeleza jinsi oili inavyozungushwa kwenye filta mara nyingi huku vumbi maalumu la majaribio likiongezwa, na mashine zikihesabu chembe kabla ya filta na baada yake, kwa kila ukubwa. Zikiingia chembe 1,000 za ukubwa fulani na kutoka 10, uwiano ni 100, yaani asilimia 99. Uwiano ukiwa 20 ni asilimia 95, ukiwa 2 ni asilimia 50. Jaribio hilo hilo linaonyesha pia filta imebeba gramu ngapi za uchafu kabla ya kuziba. Na tofauti ya mikroni ni kubwa kwa mwenye gari. Mwaka 1988 watafiti wa General Motors walionyesha kwamba, ukilinganisha na filta ya mikroni 40, uchakavu wa injini ulipungua kwa asilimia 50 kwa filta ya mikroni 30, na kwa asilimia 70 kwa filta ya mikroni 15. Kwa mwenye matatu anayelipa mkopo wa chama, hiyo ni miaka ya kazi.

Nilimpigia simu wakala wenu wa hapa Kisumu. Alinijibu kwamba filta ni filta, kwamba boksi lina stika ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya, na kwamba gereji si maabara. Stika naiheshimu, na ningependa iendelee kuheshimika, lakini haimwambii mnunuzi filta hii inanasa chembe za mikroni ngapi, wala haimwambii kwamba ya mwaka huu ni sawa na ya mwaka jana. Kuhusu maabara, ni kweli. Hatuna mashine ya kuhesabu chembe, na hakuna mahali katika ripoti yetu tulipodai kupima asilimia ya uchujaji. Tulipima yale ambayo mkono, rula, taa na chombo cha oili vinaweza kuyapima, na hayo yanatosha kuthibitisha kwamba bidhaa imebadilika na kwamba baadhi yake zimetoka kiwandani na kasoro. Nyinyi mliochapisha asilimia ndio wenye wajibu wa kuonyesha karatasi ya maabara. Nilimwomba wakala karatasi hiyo. Akasema ni siri ya kampuni. Matokeo ya jaribio linalotumiwa kuvutia wateja kwenye boksi hayawezi kuwa siri kwa wateja hao hao.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Kwa msingi huo nadai yafuatayo.

Kwanza mnijibu kwa maandishi kama mlibadilisha kiwanda au muundo wa filta hii, lini, na mnunuzi atautambuaje mzigo mpya akiwa dukani. Mnitumie ripoti ya ISO 4548-12 ya filta zinazouzwa sasa, yenye mikroni kwa kila asilimia, pamoja na shinikizo linalofungua vali ya baipasi, kwa sababu kila injini ina hitaji lake na boksi halisemi neno juu yake. Ripoti ya mzigo wa zamani sitaipokea kama jibu. Ikiwa hamna ripoti ya filta za sasa, ondoeni hiyo asilimia 99 kwenye boksi hadi muipate.

Katoni nilizobaki nazo mzichukue na kunirudishia pesa. Risiti zimo ndani ya bahasha hii. Wateja ambao tayari wamefungiwa filta za mzigo huu wabadilishiwe bila malipo, pamoja na oili itakayomwagwa wakati wa kubadilisha, kwa sababu gharama hiyo haikusababishwa nao.

Jambo la mwisho ni upimaji wenyewe. Kama hamkubaliani na tuliyoyaona, niko tayari filta hizi zipelekwe kwenye maabara huru, kwa sharti moja: zitakazopimwa zinunuliwe kwenye rafu za maduka ya kawaida, nyinyi mkiwa na mwakilishi na sisi tukiwa na wetu, zifungwe na kutiwa sahihi hapo hapo. Filta iliyochaguliwa ofisini kwenu na kutumwa maabara haitatueleza lolote juu ya ile anayouziwa dereva wa Siaya. Tumezihifadhi pia zile tulizozipasua, kila moja ndani ya mfuko wake wenye herufi. Mtu wenu anakaribishwa kuja kuziona siku yoyote ya kazi, na tutarudia jaribio la taa na la mpira mbele yake kwa filta atakazozinunua yeye mwenyewe hapa mjini.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitawasilisha malalamiko rasmi, pamoja na ripoti yote na filta zenyewe, kwa KEBS na kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Tangu wiki iliyopita nimeacha kuzifunga filta zenu kwenye gari lolote linaloingia gereji hii, na kila mteja anayeuliza sababu namwonyesha zilizopasuliwa.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)
Fundi mkuu na mwenye gereji

Viambatisho: ripoti ya vipimo na picha, nakala ya orodha ya herufi iliyotiwa sahihi na mwalimu, risiti za ununuzi, boksi moja la mzigo wa zamani na moja la mzigo mpya.