Tusichanganye sauti za maikrofoni kabla ya kuzisafisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kosa ambalo sisi tunaonasa mahojiano na hotuba tumelizoea, nalo ni kuzichanganya sauti za maikrofoni kadhaa kuwa mkondo mmoja papo hapo, kisha kuzifuta rekodi za awali ili kuokoa nafasi kwenye kadi.

Hivi karibuni nililetewa mahojiano ya bibi mmoja, yaliyonaswa kwa maikrofoni nne huku feni ikizunguka karibu naye. Aliyenasa alikuwa amekwisha kuzichanganya zote nne. Niliisafisha rekodi ile kwa programu, na feni ikanyamaza kweli, lakini pamoja nayo zikafifia s, f na th, kwa kuwa sauti hizo ni mvumo wa pumzi unaofanana mno na mvumo wa feni. Nimesikiliza mara nyingi, na hata sasa siwezi kuapa kama neno alilotamka kuhusu urithi wa wanawe ni "thamani" au "samani". Jambo hilo linaniuma, maana ni maneno yake, si yangu kuyakisia.

Laiti mikondo minne ingehifadhiwa mbalimbali, tungekuwa na njia nyingine. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo maikrofoni mbili zikiachana kwa sentimita 10, sauti inayotoka ubavuni huifikia ya pili ikiwa imechelewa kwa milisekunde 0.29 hivi, ambazo ni sampuli 14, yaani vipimo 14 vya sauti vilivyofuatana, katika rekodi ya sampuli 48,000 kwa sekunde. Kuchelewa huko kudogo ndiko kunakoiambia kompyuta msemaji yuko upande gani na feni iko upande gani. Mikondo husogezwa hadi maneno ya msemaji yalingane, ndipo hujumlishwa. Maneno hupata nguvu, ilhali kelele zisizolingana hubaki nyuma. Kelele ikiwa haihusiani kati ya maikrofoni moja na nyingine, maikrofoni nne huleta nafuu ya desibeli 6, na feni iliyosimama mahali pamoja yaweza kupunguzwa zaidi kwa kuipanga mikondo ili mvumo wa feni katika mmoja uufute ule wa mwingine. Ukishachanganya, tofauti hizo za wakati hazipatikani tena.

Njia hii ina mipaka yake. Mngurumo mzito wa hertzi 100 una urefu wa wimbi wa zaidi ya mita 3, hivyo maikrofoni zilizosongamana haziutambui vizuri unatoka wapi, na mwangwi wa chumba kitupu huvuruga hesabu yote. Vilevile maikrofoni zote ziunganishwe kwenye kinasa sauti kimoja, kwani saa za vinasa viwili zikitofautiana kwa sehemu 20 tu katika milioni, baada ya saa moja zitakuwa zimeachana kwa milisekunde 72.

Hoja ya nafasi kwenye kadi haina uzito. Mikondo minne ya biti 24, isiyobanwa, huchukua gigabaiti 2 hivi kwa saa. Ninawaomba wenzangu wakabidhi faili ya kila maikrofoni peke yake, pamoja na karatasi yenye vipimo vya umbali kati ya maikrofoni, vilivyochukuliwa kwa futikamba kabla ya kufungasha vyombo.

Msomaji wako,
Mnasa sauti