Barua kwa mpwa wangu wa Harrisonburg: bata mzinga wa porini siku ya Jumapili

Mpwa wangu,

Salamu zangu kwako, kwa mama yako na kwa watoto. Umeniuliza kwenye simu kama ni kweli huko Virginia, Marekani, mtu anaruhusiwa kuwinda bata mzinga siku ya Jumapili. Ni kweli. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe tu unayeuliza. Bonde la Shenandoah limejaa watu wetu, na kaunti yenu ya Rockingham imejenga hadi sanamu za bata mzinga kando ya barabara. Wengine wenu mnashinda wiki nzima mkiwakata bata hao kiwandani, na Jumapili ndiyo siku pekee ya kupumua.

Lakini sahau yule wa kiwandani. Wa porini ni ndege mwingine kabisa: mwembamba, mwenye mbio, anaruka hadi juu ya mti kulala, na macho yake yanaona ukipepesa kope. Pua yake ni dhaifu, kwa hiyo usihangaike na upepo. Hangaika na mkono wako unaojikuna.

Tuanze na karatasi, maana hapo ndipo watu huharibu kabla hata hawajauona msitu. Ukiwa mkimbizi uliyepokelewa rasmi au una kadi ya kijani (ya ukaazi wa kudumu), sheria ya shirikisho haikuzuii kushika bunduki kwa sababu ya uhamiaji. Aliyekuja kwa viza ya muda, kwa mfano ya masomo, amezuiwa kushika bunduki na hata risasi, isipokuwa ana leseni halali ya uwindaji ya jimbo au anaingia kwenye msamaha mwingine. Na yule ambaye kesi yake ya hifadhi bado haijaamuliwa asiiguse bunduki, hata ya kuazima, hata ya kupigia picha, mpaka aongee na wakili wa uhamiaji. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu kosa la siku moja linaweza kumharibia mtu maisha yake yote ya huko.

Leseni ni mbili: ile ya msingi ya uwindaji, na nyingine ya kulungu na bata mzinga. Zinatolewa na idara ya wanyamapori ya jimbo, ambayo watu huiita DWR. Kama hujawahi kuwa na leseni, utatakiwa kwanza kupita darasa la usalama wa uwindaji. Ipo pia leseni ya mwanagenzi, ambayo inakuruhusu kuanza kabla ya darasa, ila sharti uwe chini ya macho ya mtu mzima mwenye leseni. Kwa mwaka wa kwanza mimi ningechukua hiyo na pia ningefanya darasa. Ukitaka kuwinda kwenye misitu ya taifa, George Washington na Jefferson, ulizia kibali chake cha ziada unaponunua leseni.

Sasa Jumapili yenyewe. Kwa miaka mingi uwindaji wa siku hiyo ulikuwa marufuku Virginia. Mlango ulifunguliwa Julai 2014 kwa ardhi za watu binafsi, kisha Julai 2022 kwa ardhi za umma. Masharti mawili yamebaki na yote mawili yanakuhusu. La kwanza, kwenye shamba la mtu lazima uwe mwenye shamba, au wa familia yake, au uwe na ruhusa yake ya maandishi. Jumatano mzee wa shamba akikwambia kwa mdomo "njoo tu," hilo halitoshi Jumapili. Andika karatasi fupi: jina lake, jina lako, shamba liko wapi, tarehe zinazohusika, sahihi yake. Ibebe mfukoni ndani ya mfuko wa plastiki, na iwe pia picha kwenye simu. La pili, huruhusiwi kuwinda ndani ya yadi 200, yaani karibu mita 183, kutoka nyumba ya ibada. Sasa unajua jinsi makanisa yalivyojipanga kwenye kila njia ya vijijini huko. Fungua ramani ya setilaiti Ijumaa, pima kutoka ukutani mwa kanisa na majengo yake, na usipime kwa macho. Ukiona miti au nguzo zimepakwa mstari wa rangi ya zambarau, hiyo ni amri ya kutopita, sawasawa na kibao.

Msimu wa majira ya kuchipua huanza Jumamosi ya pili ya Aprili na kwenda kama wiki tano. Wikiendi iliyotangulia huwa ni ya vijana na wanagenzi, Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo ukiwa na ile leseni ya mwanagenzi unapata siku mbili kabla ya umati. Muda halali ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Katikati ya Aprili hapo kwenu jua linatoka kama saa 12:40 asubuhi, kwa hiyo unaanza saa 12:10. Ikifika katikati ya Mei jua linawahi zaidi ya nusu saa. Kwa sehemu kubwa ya msimu mwisho ni saa 6 mchana. Wiki mbili hivi za mwishoni ndizo zinazoruhusu mpaka machweo. Tarehe zenyewe hubadilika kila mwaka, zisome kwenye kijitabu cha mwaka huo.

Unaruhusiwa ndege mmoja kwa siku, watatu kwa mwaka wa leseni unaoanza Julai mosi, na kati ya hao wasizidi wawili wa msimu wa vuli. Katika majira ya kuchipua ni mwenye ndevu tu. Ndevu ni lile fungu la nyuzi nyeusi linaloning'inia kifuani. Majike wachache nao wanazo, na kisheria wanahesabika, lakini ukijua ni jike mwache, anatafuta pa kuatamia. Dume kijana utamtambua akipanua mkia: manyoya ya katikati ni marefu kuliko ya pembeni, kama mtoto aliyenyolewa vibaya. Mkia wa dume aliyekomaa ni pepeo lililo sawa. Mahindi ya kumwaga ili kuwavuta hayaruhusiwi, na ukikuta mtu mwingine ameyamwaga, ondoka hapo. Sauti za kurekodi kwenye simu pia haziruhusiwi, wala mbwa katika msimu huu.

Bunduki ya marisau, yaani ya punje nyingi ndogo, ya geji (kipimo cha unene wa mtutu) 12 au 20 inatosha. Marisau yasizidi ukubwa wa namba 2; namba ikipanda, punje inakuwa ndogo zaidi. Kwa marisau ya kawaida ya madini ya risasi wengi hutumia namba 4, 5 au 6. Weka kikazio cha kubana kwenye mdomo wa mtutu, kisha piga karatasi kwenye yadi 40, karibu mita 37. Chora duara la inchi 10 pale penye matundu mengi na uhesabu. Yakifika 100, bunduki hiyo na risasi hiyo zinaelewana. Yakiwa 60, sogea mpaka yadi 30 uhesabu tena, na huo ndio mwisho wako msituni. Watu wananunua bunduki ya bei kubwa kisha hawapigi karatasi hata moja, halafu wanashangaa ndege ameondoka na manyoya matatu tu yamebaki chini.

Jumapili yako inaanza Jumamosi jioni. Jua likizama, simama ukingoni mwa msitu usikilize. Bata mzinga hupanda mtini kulala, mabawa yao yanapiga kelele kama mtu anayekung'uta mkeka. Kisha iga bundi wa huko, yule anayelia sauti nane kwa mafungu mawili. Dume akishtuka hujibu kwa mlio wake wa gulugulu bila kufikiri, na hapo amekupa anwani. Usimsogelee. Weka alama kwenye simu, nenda kalale.

Alfajiri ingia gizani, kwa miguu ya polepole, ukae kama yadi 100 hadi 150 kutoka mti wake. Ukikaribia zaidi atakuona kutoka juu, ukiwa mbali zaidi majike watamchukua kabla hajakufikia. Kaa usawa wake au juu kidogo ya mteremko. Pasiwe na mto, uzio wala bonde kati yenu: atakuja hadi hapo, atasimama, atawika, na atarudi zake. Chagua mti mpana kuliko mabega yako uuegemee. Huo unakuficha na unakinga mgongo wako dhidi ya mwindaji mwingine. Kama unatumia mkono wa kulia, bega la kushoto lielekee kwa ndege na mtutu ulale juu ya goti. Tandika kitu laini cha kukalia. Mzizi ukikuchoma makalio utajisogeza, na ukijisogeza umeagana naye.

Hakuna kitu chekundu, cheupe wala cha bluu mwilini mwako, kwa maana hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Kitambaa cha mkononi, soksi, pakiti ya biskuti, hata kola ya shati la kanisani ikichungulia chini ya kombati: vyote vimeshawahi kufanya mtu apigwe risasi. Na ukisikia sauti ya jike kichakani, usiinyemelee kamwe. Huenda ni mtu kama wewe, ameegemea mti, kidole karibu na kifyatulio. Ukimwona mtu anakuja kwako, usimpungie mkono. Paza sauti, sema lolote, hata Kiswahili kitafaa.

Kwa kuita, nakushauri uanze na kile kibati cha duara chenye uso wa jiwe unaokwaruzwa kwa kijiti. Ukwaruze kwanza kwa msasa, chora viduara vidogo bila kuinua kijiti, sauti inatoka. Adui yake ni unyevu: jasho la kidole tu linaufanya utereze bila mlio. Kisanduku cha mbao ni rahisi zaidi lakini kinataka mikono miwili na kinaonekana. Kile cha kuweka mdomoni kinaacha mikono huru, ila kitakuchukua wiki za kufanyia mazoezi garini, na mkeo atalalamika.

Dume akiwa bado mtini, ita mara moja, kwa upole, sauti tatu au nne. Akijibu, nyamaza. Hapa ndipo karibu kila mgeni hukosea: anajibiwa, anafurahi, anaita tena na tena. Kwa kawaida jike ndiye humfuata dume. Dume akikusikia unampigia kelele anakaa palepale mtini akisubiri umwendee. Ukinyamaza, udadisi unamshusha.

Na asiposhuka kwako, akaondoka na majike, usifunge virago. Kuanzia saa 3 hadi saa 5 asubuhi majike hutoroka kwenda kwenye viota, naye anabaki peke yake. Ita sauti tano hadi saba kila baada ya dakika 15 au 20 na ukae. Huyu wa asubuhi iliyokomaa mara nyingi huja kimya. Ukipanga ibada, basi, chagua ya mchana au ya jioni. Anayeondoka saa 2 ili awahi kwaya amemwachia mwenzake saa bora. Na bunduki ipitishwe nyumbani kwanza, isiende kwenye maegesho ya kanisa.

Akija akiwa amejitutumua, shingo imezama kwenye manyoya, usipige. Toa mlio mmoja mfupi, atainua kichwa. Lenga pale manyoya yanapokutana na ngozi tupu ya shingo. Hakikisha hakuna jike nyuma yake, wala barabara, wala nyumba. Akianguka, funga usalama wa bunduki ndipo uende, usikimbie. Mkanyage shingo, maana anapapatika na miiba yake ya miguuni inachana suruali na ngozi. Kwa jamaa zetu Waislamu, suala la risasi na kuchinja wamuulize shehe wao mapema, si pale ndege anapokata roho.

Kabla hujamsogeza, kata alama kwenye tagi ya leseni, au kwenye programu ya simu kama leseni yako iko humo. Ripoti kabla ya kumsafirisha kwa gari au kabla ya muda halali wa kuwinda kwisha, lolote litakalotangulia, kwa programu, mtandao au simu, na utunze namba utakayopewa. Mfunge kwa kitambaa cha rangi ya chungwa unapombeba, maana bata mzinga anayetembea begani mwa mtu bado anaonekana kama bata mzinga.

Ukifika nyumbani vua nguo zote ujikague kupe: kwapani, nyuma ya magoti, kwenye nywele. Nguo za msituni ni vizuri kuzipulizia permetrini, dawa ya kuua kupe, siku moja kabla na kuziacha zikauke. Dawa hiyo ni ya nguo, haipakwi mwilini, na paka wa nyumbani asiikaribie ikiwa mbichi.

Mtoe matumbo haraka, mchana wa Mei una joto. Nyama iliyozunguka matundu ya marisau ikate uitupe, na kila kipande ukipapase kwa kidole kabla ya chungu. Kidari kikate vipande vyembamba kukatiza nyuzi, kaanga dakika chache tu. Ukikioka kama yule wa kiwandani utatafuna mbao, hana mafuta. Miguu wengi huitupa kwa sababu ina kano ngumu kama nyaya. Wewe ichemshe kwa muda wa saa tatu au nne kwa moto mdogo mpaka nyama iachane na mfupa, uchomoe kano, kisha uitumbukize kwenye sombe (kisamvu). Ukifika hapo nipigie, nikuelekeze chumvi.

Mjomba wako.