Cheti mmeandika tani 6.25, mimi nilikuwepo haikufika hata 4

Kwa Meneja wa waliotufanyia testi ya kreni,

YAH: TESTI YA KRENI YA TANI 5 NA VIFAA VYAKE VYA KUNYANYULIA

Habari za kazi. Mimi ndo fomani wa upande wa kunyanyua mizigo hapa karakana, yule niliyeshinda na vijana wenu tangu wanafungua begi lao la maji, lile linalojazwa maji liwe mzigo wa testi, mpaka wanalikunja, kwa hiyo haya ninayoandika sijasimuliwa na mtu, nimeyaona kwa macho yangu.

Kreni yetu ni ya tani 5. Testi ya kwanza mliyosema mtafanya ni ya 125%, yani tani 6.25, mzigo unanyanyuliwa sentimita 10 mpaka 20 tu kutoka chini unaachwa unaning'inia dakika 10, halafu ndo inakuja ya 110%, tani 5.5, hapo sasa kreni inatembezwa na mzigo wake, juu chini, mbele nyuma, kushoto kulia, mtu anaona breki zinashikaje. Haya mnayajua kuliko mimi, ndo kazi mnayolipwa. Siku ile maji yetu yalikuwa yanatoka kidogo sana, hilo kosa letu nalikubali kabisa, na niliwaambia vijana wasubiri hata mpaka usiku au warudi kesho yake, wakakataa. Saa saba mchana lodi seli, yani kile kipimo cha uzito wa mzigo, ilikuwa inasoma tani 3.86, wakafunga maji, wakasema inatosha. Jamani, tani 3.86! Huo ni mzigo ambao kreni hii inabeba siku ya kawaida tu, sasa hapo kilichopimwa ni nini? Siku tatu baadaye cheti kikaingia kwenye imeli, tani 6.25, dakika 10, muhuri na sahihi vipo, na picha ya begi mmeiweka humohumo, begi ambalo mtu yeyote akiliangalia anaona limelegea halijajaa.

Ila kilichonifanya niandike ni breki. Kabla hawajaanza kunyanyua nilifunga uzi mwembamba kwenye huku, yani ndoano ya kreni, mwisho wa uzi nikatia nati, huwa nafanya hivyo kila tukinyanyua kitu kizito maana macho yanadanganya. Mzigo uliposimama hewani nati ilikuwa juu ya sakafu kama vidole vitatu. Hakuna aliyegusa swichi, nimesimama palepale, hazijaisha dakika tatu nati imelala sakafuni. Yani breki inateleza na mzigo ambao haujafika hata tani 4. Nikamwita fundi wenu akaja akaiona, akaniambia hiyo ni joto tu ikipoa itakaa sawa. Kwenye cheti: "Breki, sawa."

Sasa fikirieni nilipo mimi. Bosi anasoma cheti anaona breki ni sawa, anauliza kwa nini kreni imefungwa kufuli na kazi imesimama, mimi wa kumwonyesha nina uzi na nati. Chini ya hiyo huku wanapita watu kumi na moja kila shifti, nawajua wote, kuna kijana ameanza juzijuzi tu ndo anajifunza kufunga mizigo, yeye ndo anakaa karibu na mzigo kuliko wote.

Vifaa navyo ni hivyohivyo. Cheti kina sheko 9, zile pingu za chuma zenye pini za kuungia mzigo, zimepita, sisi tunazo 7. Zile mbili nilizikata mwenyewe kwa gesi kwa sababu pini zilikuwa zimepinda, na namba zake ni hizohizo zilizoko kwenye cheti chenu cha mwaka jana, kwa hiyo mtu alikaa ofisini akakopi orodha ya zamani. Zile slingi za mkanda za kijani, za tani 2, mmeandika zimevutwa kwa tani 4 wakati hazikutoka hata kwenye kabati, na hata hivyo slingi za mkanda haziendi kuvutwavutwa, zinakaguliwa kwa macho na mikono sentimita kwa sentimita, mngefanya hivyo mngekuta moja imekatika ukingoni, niliikuta mimi jioni yake. Cheni ya miguu miwili mmeipa uzito bila kutaja pembe, na hiyo ndo inaua watu, maana miguu ikiwa karibu wima kila mmoja unabeba kama nusu ya mzigo lakini ikitanuka ikafika digrii 120 kati yake kila mguu unabeba uzito wote wa mzigo. Mtu anasoma namba moja kwenye karatasi anaamini imemaliza kila kitu.

Hela sidai. Nataka hicho cheti kifutwe kwa maandishi, barua ije kwangu na kwa bosi, isije siku moja ikatolewa kopi yake kwenye faili mtu akaitumia. Halafu breki ifunguliwe itengenezwe kwanza, ndo mje na mzigo kamili, na lodi seli yenye stika ya kalibresheni, yani ya kuonyesha imehakikiwa inapima sawa, ambayo haijaisha muda, ile ya siku ile stika ilikuwa imefutika haisomeki. Na mkimaliza msikimbilie kukunja begi. Huku, kamba ya waya na boriti vikaguliwe tena baada ya mzigo kushushwa, mdomo wa huku upimwe kabla na baada, maana testi yenyewe inaweza kufungua huku au kuacha ufa na kesho yake mtu akaitumia akijua ni salama.

Swichi kubwa nimeifunga kufuli na ufunguo ninao mimi. Nijulisheni wiki hii mnakuja lini, mara hii tanki la maji nitalijaza usiku wa kuamkia siku hiyo.

Fomani, kitengo cha kunyanyua mizigo