Kuitwa “wa kujitolea” hakumwondolei mtaalamu wa utengamao haki zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ajira za wataalamu wa utengamao hapa Moshi, yaani wanaomsaidia mgonjwa kurejesha uwezo wa mwili wake: sisi wa fiziotherapia tunaotibu kwa mazoezi ya viungo, wenzetu wa tiba kwa vitendo wanaomfunza upya shughuli za kila siku, na watengenezaji wa viungo bandia. Wengi wetu hupokelewa katika kliniki binafsi kwa maelewano ya mdomo, tukalipwa posho na kuitwa watu wa kujitolea.

Nilifanya kazi hivyo kwa miezi 14. Nilisaini daftari la mahudhurio saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, nikihudumia wagonjwa niliopangiwa na msimamizi. Siku moja nilikuwa namhamisha mama mwenye kiharusi kutoka kwenye kiti cha magurudumu kwenda kitandani, mguu wake usioathiriwa na kiharusi ukalegea ghafla, nami nikaumia mgongo kwa kumzuia asifike sakafuni. Nilipouliza habari ya fidia, nilijibiwa kwamba mimi si mwajiriwa, na kwamba sikuwamo katika hesabu ya mishahara ambayo kliniki huichangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Nilinyamaza, na ukimya huo naujutia hadi leo.

Sikujua wakati huo kwamba kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, iwapo lipo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa humo: saa zake kupangwa na mwingine, kutumia vifaa vya anayempa kazi, au kumfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mimi nilizimaliza saa hizo ndani ya wiki moja! Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo humtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na shauri likifika mbele ya sheria bila maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayobishaniwa humwangukia mwajiri.

Kwa hiyo nawasihi wadogo zangu wanaoanza kazi waombe karatasi hiyo kabla ya kumgusa mgonjwa wa kwanza, na wajiwekee nakala za ratiba za zamu. Anayeachishwa kazi asikawie, kwani malalamiko hayo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Nawaomba pia maofisa kazi wa mkoa wetu, wanapokagua kliniki hizi, wasiishie kwenye mafaili ya mikataba, bali waombe na daftari la mahudhurio, kisha walinganishe majina.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Pasua, Moshi.