Wavunja nyumba na kifungo cha nje: tupigieni hesabu kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila tukikaa kikao cha mtaa huku Mangamba, hoja ya wezi wa majumbani haikosi, na safari hii wengi wanataka sheria ibadilishwe: anayetiwa hatiani kwa kuvunja nyumba asipewe kifungo cha nje kabisa, liwe kosa lake la kwanza au la kumi. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na majirani walinishangaa, maana yaliyonikuta wanayajua.

Ilikuwa mwezi wa sita, ndiyo kwanza tunaanza kupuliza mikorosho. Nimeamka alfajiri niwahi kuswali, nakuta nondo mbili za dirisha la stoo zimetanuliwa kwa jeki ya gari, upana wa kupita mtu mwembamba. Salfa, dawa tunayopulizia, imemwagika kutoka stoo mpaka barazani, na juu yake alama ya ndala ya mguu mmoja tu. Mashine ya kupulizia haipo. Mkulima mwenzangu hahitaji maelezo: ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, haumsubiri mtu akanunue mashine nyingine.

Kijana alikamatwa wiki ile ile. Ana miaka 19, namjua tangu anatembeza karanga stendi. Mashine alishaiuza, na aliyeinunua hajulikani hadi leo. Nilikwenda mahakamani mara tano, mara tatu kati ya hizo kesi ikaahirishwa. Bodaboda ni juu yangu, na shamba limesimama. Muda wote huo yeye yuko mahabusu kwa kukosa mdhamini: analishwa, analindwa, analetwa na karandinga, anarudishwa na karandinga. Mwisho akala miaka miwili. Nilifurahi, nisiwe mnafiki. Furaha ikaisha nilipomuuliza karani habari za fidia yangu. Akanitazama kwa huruma: “Mzee, atakulipa nini na yuko ndani?”

Tangu siku ile napiga hesabu. Niliibiwa mashine, na sasa aliyeiiba namlisha mimi. Kila kilo ya korosho ninayopeleka ghalani inakatwa tozo, na gereza haliendeshwi kwa makofi ya kikao.

Wanaosema sheria yetu ni laini waisome. Kifungu cha 294 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa hadi miaka 14 kwa kuvunja nyumba ya kuishi watu, na usiku inafika 20. Hakimu ana rungu la kutosha. Sheria ya probesheni, yaani mkosaji kubaki nje chini ya uangalizi, ambayo ipo tangu 1947, inamruhusu tu aangalie umri wa mtu, mwenendo wake na mazingira ya kosa kabla hajaamua alale wapi. Nayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inawahusu wanaostahili kifungo kisichozidi miaka mitatu. Jambazi sugu wa mapanga na mafatuma, yale mawe ya kuvunjia milango, hapiti humo. Anayepita ni kama huyu wangu wa ndala moja.

Magereza ya nchi nzima yamejengwa kuchukua watu karibu 30,000, na msongamano umekuwa wimbo wa miaka mingi. Desemba 9, 2019 Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa mkupuo. Kwa hiyo tutakuwa tunawaingiza kwa shangwe na kuwatoa kwa msamaha, na hapo katikati bili ni yetu. Kuna watakaonikumbusha agizo lake la 2018 kwamba wafungwa wajilishe kwa kazi zao. Vizuri, lakini mbegu, dizeli ya trekta na askari wa kuwasimamia shambani havidondoki kutoka mbinguni, na mahabusu, ambaye bado hajahukumiwa, huwezi kumlazimisha kushika jembe.

Nimesoma kwamba huko Marekani, jimbo la Illinois, mvunja nyumba ya kuishi watu kwa kawaida hapati kifungo cha nje. Ni miaka 4 hadi 15 ndani. Sawa, wameamua. Ila wanayo pia sheria ya kuwezesha muswada wa namna hiyo uambatanishwe na hati ya makadirio: utaongeza wafungwa wangapi na utagharimu kiasi gani. Jimbo la California mfungwa mmoja anakula zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Sisi hatufiki huko hata kwa ndoto, lakini namba yetu ni ipi? Mbunge atakayeibeba hoja hii kwenda Dodoma aibebe na hiyo namba.

Na aweke pembeni yake namba ya pili, ya afisa probesheni mwenye pikipiki na mafuta. Hapa wenzangu wana haki ya kulalamika: mtu akipewa kifungo cha nje asifuatiliwe na yeyote, hiyo ni ruhusa ya kurudi dirishani. Ila akifuatiliwa, akafagia soko asubuhi, mchana akabeba zege na kunilipa elfu kumi kumi kila wiki, mimi ningekuwa nimeshapata nusu ya mashine.

Kijana anatoka mwakani, msimu wa salfa ukianza. Nimeshaongeza nondo tatu, fundi kanitoza elfu 45. Hiyo nayo iingizwe kwenye hesabu.

Mkulima wa korosho,
Mangamba, Mtwara