Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Jimbo la Haut-Katanga: Mwenda alipewa sufuri

Mheshimiwa Waziri,

Nakuamkia kwa heshima kutoka Katuba, mtaa wa Lubumbashi hapa Kongo.

Juma lililopita kijana wangu wa darasa la sita alirudi nyumbani na karatasi iliyojaa wino mwekundu. Walikuwa wameambiwa waandike ukurasa mmoja juu ya mtu mweusi aliyesifika kwa sanaa, michezo au elimu. Wenzake waliandika Pelé, Michael Jackson, Muhammad Ali. Yeye akamwandika mpiga gitaa wetu Mwenda Jean Bosco, kwa kuwa nkambo wake, yaani babu yake, hupiga nyimbo za Mwenda kwenye gitaa kila Jumapili tukishamaliza bukari, ugali wetu. Chini ya karatasi mwalimu ameandika: chagua mtu anayejulikana. Alama, sufuri.

Jina la shule silitaji, wala siombi mwalimu aadhibiwe. Anagawa alichogawiwa. Na Ali sina ugomvi naye hata kidogo. Yule ni nusu wetu. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974 alimwangusha George Foreman pale Kinshasa katika raundi ya nane, na wazee wa mtaa wetu husimulia utadhani walikuwa wameshika kamba za ulingo. Ninachouliza ni hiki: kwa nini mtu mweusi ili awe mashuhuri lazima atoke ng'ambo?

Huyo Mwenda alirekodiwa mwaka 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo, na Hugh Tracey aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya sauti. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na ukisikiliza "Masanga" bila kuona utaapa wako wawili. Wapiga gitaa wa nchi ya Kenya waliketi wakijifunza vidole vile. Tena aliimba kwa Kiswahili, Mheshimiwa, lugha hii hii ambayo mtoto akiisema darasani hukemewa, ingawa ni mojawapo ya lugha zetu nne za taifa.

Wachoraji je? Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana hapa mjini, wakati ukiitwa Elisabethville. Humo Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka. Mwenze Kibwanga akajaza picha zake mistari midogo midogo. Bela akaacha brashi, akachora kwa ncha za vidole. Mwaka 2015 kazi zao zilitundikwa Paris, watu wakalipa tiketi kuziangalia. Wanangu wamekulia mji huu na hakuna aliyewahi kuwatajia hata jina moja kati ya hayo.

Mpira nautaja kwa haraka, maana hapo angalau watoto wanajua kitu. Wanajua kwamba mwaka 2010 timu yetu ya Mazembe iliifunga Pachuca ya Meksiko, ikaifunga Internacional ya Brazili mbili bila, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Inter Milan walitufunga tatu kwenye fainali, haya. Kipa wetu Kidiaba alishangilia kwa kurukaruka kwa makalio, watoto wakamwiga, suruali ngapi za shule zilitoboka Katuba mwaka ule! Ila waulize nani alifunga bao la pekee dhidi ya Ghana kule Addis Ababa mwaka 1968, tulipotwaa Kombe la Afrika mara ya kwanza. Kalala, mchezaji wa Mazembe hii hii. Kimya.

Binti yangu naye ameniuliza wanawake wako wapi. Nikamtajia mwimbaji Tshala Muana, aliyezaliwa mji huu, na Sophie Kanza, aliyehitimu chuo kikuu cha Lovanium mwaka 1964, Mkongomani wa kwanza mwanamke kupata shahada ya chuo kikuu, na miaka miwili baadaye akawa waziri. Akaandika majina yote mawili kwenye kiganja cha mkono.

Na mwanafalsafa V. Y. Mudimbe, mtoto wa Likasi, alifundisha chuo kikuu chetu kabla ya kuhamia Marekani. Maprofesa wa dunia nzima wanasoma alivyoeleza jinsi wageni walivyoibuni Afrika vichwani mwao. Alifariki Aprili 2025. Shuleni kwa wanangu siku ile ilikuwa siku kama nyingine.

Ninachoomba si sanamu. Sanamu hula pesa. Naomba waraka mmoja kutoka ofisi yako kwenda kwa wakuu wa shule, wenye majina haya na mengine ambayo wazee wa mitaa ya Lubumbashi, Kamalondo, Kenya na Ruashi, watakuongezea, na ruhusa ya kuyafundisha kwa Kiswahili. Karatasi ya kijana wangu isahihishwe upya, basi.

Nkambo wake amesema yuko tayari kwenda shule yoyote hapa Katuba, bure. Gitaa lake limekatika uzi mmoja, lakini anadai "Masanga" inapigika hata kwa tano.

Wako kwa heshima,
Mama wa mwanafunzi, Katuba, Lubumbashi